Chokoleti na kupunguza uzito: maswali ninayoulizwa mara kwa mara hapa Kisumu

Kazi yangu ni ushauri wa lishe. Anayekuja kutaka kupunguza uzito huanza na habari za ugali, chapati na samaki wa kukaanga. Chokoleti haitajwi. Tukishamaliza, ameshachukua mkoba na mkono uko kwenye kitasa cha mlango, ndipo anapogeuka: "Madam, na chokoleti je?" Anauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama. Swali hilo nimelijibu mlangoni mara nyingi mno, na jibu la mlangoni huwa la haraka. Hapa nimelikalia kitako.

Naweza kula chokoleti na bado nikapungua?

Ndiyo. Mwili hupungua pale unapotumia nguvu nyingi kuliko unazoingiza, si kwa siku moja bali kwa wiki na miezi. Mwili haujali kama kalori zimetoka kwenye wali au kwenye chokoleti. Hesabu ni ile ile. Tofauti ni kwamba wali unakushibisha na chokoleti haikushibishi, kwa hiyo chokoleti ni rahisi kuizidisha.

Chukua mtu aliyepangiwa kalori 1,600 kwa siku. Gramu 20 za chokoleti ya maziwa zina kalori 107 hivi, na hizo zinaenea kwenye mpango wake bila kuuvuruga. Lakini akimaliza ile kubwa ya gramu 100 peke yake mbele ya runinga, ameingiza kalori 535. Hiyo ni thuluthi ya chakula chake cha siku nzima, na saa mbili baadaye njaa iko pale pale.

Kiasi ni kipi hasa? Kila mtu husema "kidogo", lakini kidogo cha nani?

Swali zuri, kwa sababu kidogo cha mtu mwenye njaa na kidogo cha aliyeshiba ni vitu viwili tofauti. Mimi hutumia gramu 20. Nina mizani ndogo ya jikoni juu ya meza, na mara nyingi humwomba mtu anikatie kiasi anachoamini ni gramu 20, kwa macho tu. Karibu wote hukata 35 au 40. Si kwamba wanadanganya. Chokoleti ni nzito kuliko inavyoonekana, na mkono nao una upendeleo wake.

Huna mizani nyumbani? Angalia uzito ulioandikwa kwenye karatasi, kisha hesabu vipande. Chokoleti ya gramu 100 yenye vipande 20 ina maana kila kipande ni gramu 5, kata vinne. Ile ndogo ya gramu 40 ikate katikati. Usichukue idadi ya vipande kutoka kwa jirani, maana kila kampuni huchora vipande vyake kwa ukubwa wake.

Ukishakata, weka kwenye kisahani. Iliyobaki ifunge, irudishe ilikotoka, kisha ndipo ukae ule. Hili nalisisitiza kuliko namba yoyote. Anayekula kutoka kwenye karatasi hana mahali pa kusimama. Anasimama karatasi ikiwa tupu. Mwenye kisahani anaona mwanzo na mwisho.

Mara ngapi? Wengi wanaofanikiwa na njia hii hula mara tatu au nne kwa wiki. Wapo wanaokula kila siku na wanapungua, ila hao ni watu wanaohesabu kweli kweli.

Chokoleti nyeusi si ndiyo salama? Hiyo nasikia haina kalori nyingi.

Hapa watu wengi hupotoshwa. Chokoleti nyeusi ya asilimia 70 hadi 85 ina kalori karibu 600 kwa kila gramu 100, ilhali ya maziwa ina 535 hivi. Ndiyo, nyeusi imezidi. Sababu ni mafuta: kakao ikiongezeka, mafuta ya kakao yanaongezeka nayo, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati gramu moja ya sukari ina 4.

Nyeusi inashinda kwenye sukari. Gramu 100 za ya maziwa zina sukari gramu 52 hivi, sawa na vijiko 13 vya chai. Nyeusi ya kiwango nilichotaja ina gramu 24, vijiko sita. Ile nyeupe haina unga wa kakao hata kidogo. Ni mafuta ya kakao, maziwa na sukari, na sukari yake inapita hata ya maziwa.

Faida ya nyeusi ninayoiona kwa watu ninaowahudumia ni uchungu wake. Ukila vipande viwili, ulimi wenyewe unasema basi. Lakini kama huipendi, usijilazimishe. Nimewaona watu wakitafuna nyeusi kama mwarobaini, nyuso zimekunjamana, halafu jioni wanaenda kutafuta ya maziwa kwa sababu hamu yao haikuguswa. Hao wamekula mara mbili. Kula ile unayoipenda, kwa kipimo.

Nimesoma mtandaoni kwamba chokoleti inasaidia kupunguza tumbo haraka.

Nami niliisoma. Mwaka 2015 magazeti ya nchi nyingi yaliandika kwamba utafiti wa Ujerumani umethibitisha chokoleti inaharakisha kupungua uzito. Baadaye mwandishi wa habari za sayansi, John Bohannon, akajitokeza akaeleza kwamba yeye na wenzake ndio walioufanya, tena kwa makusudi, ili waonyeshe jinsi sayansi mbovu ya lishe inavyopokewa bila maswali. Walitumia watu kama 15 tu wakawapima vitu 18 tofauti. Ukipima mambo mengi hivyo kwa watu wachache hivyo, ni rahisi sana moja lionekane limebadilika, hata kama ni kwa bahati. Wao walichukua hilo moja wakalitangaza.

Hadithi ile bado inazunguka kwenye simu za watu Kisumu hii hadi leo. Ukikutana nayo, ulizia kwanza: watu wangapi walipimwa, na kwa muda gani?

Kakao ina viini viitwavyo flavanoli, na ni kweli vinasaidia mishipa ya damu kutanuka vizuri. Lakini kiasi chake hutofautiana mno kati ya chokoleti moja na nyingine, na kakao iliyotiwa alkali ili ipoteze uchungu hupoteza sehemu kubwa ya flavanoli. Kupungua uzito ni jambo jingine kabisa.

Kwa nini siwezi kula kipande kimoja nikaacha?

Hili ndilo swali linalowaumiza watu, nami nitakaa nalo.

Kwanza kuna chokoleti yenyewe. Mafuta na sukari kwa pamoja, kwa wingi ule, ni mchanganyiko ambao hauupati kwenye mahindi, maharagwe wala ndizi. Halafu mafuta ya kakao huyeyuka kwenye joto la nyuzi 34 hivi, chini kidogo tu ya joto la mwili wako. Ndiyo maana kipande kigumu kinageuka uji mdomoni bila kutafunwa, na kinapita kabla tumbo halijapata habari.

Pili kuna njaa. Mtu aliyeruka kiamshakinywa, akanywa chai ya rangi saa sita, ukimpa chokoleti saa kumi jioni hataacha. Hapo tatizo si hiari yake, ni kushinda bila chakula tangu asubuhi. Usingizi nao umo. Aliyelala kwa saa nne tu huamka na homoni za njaa ziko juu, na mwili wake unataka vitamu. Wauguzi wa zamu za usiku na madereva wa masafa marefu wanalijua hili vizuri.

Tatu kuna marufuku. Mama mmoja kutoka mtaa wa Migosi alinimwagia mkoba wake juu ya meza. Zilitoka karatasi kumi na moja za chokoleti, zimekunjwa ndogo ndogo kama risiti za mpesa. Alikuwa amejikataza chokoleti mbele ya watoto tangu Januari, kwa hiyo alikuwa anaila ndani ya matatu, kati ya kazini na nyumbani, haraka, bila kuionja. Nilimwambia anunue moja, aipeleke nyumbani, aikate mezani mbele ya watoto, na wao wapate chao. Alicheka akidhani natania. Wiki ya tatu alirudi akasema, "Dada, nilikuwa sijui hata ladha yake." Kupungua kwake kulikuja polepole, nusu kilo kwa wiki, wiki nyingine hakuna. Lakini karatasi za mkobani ziliisha.

Na nne, ile kauli ya "leo nimeshaharibu, acha nimalize tu." Umekula vipande sita badala ya vinne. Ziada yake ni kalori 50 na kitu, chini ya nusu kikombe cha maziwa. Hujaharibu chochote. Kinachoharibu ni vile kumi na vinne vinavyofuata kwa sababu ya hasira ya vile viwili.

Nile saa ngapi?

Baada ya chakula, ukiwa umeshiba. Ukishakula ugali wako wa kiasi na omena na mboga ya osuga, gramu 20 zinatosha kweli. Zile zile, ukizila tumbo likiwa tupu, zinakuwa za kukuamshia hamu. Usiku wa manane sipendekezi, hasa kwa wenye kiungulia, maana chokoleti hulegeza mlango wa juu wa tumbo, na ukilala asidi inapanda. Nyeusi pia ina kafeini kidogo.

Chokoleti ya kunywa nayo vipi? Ile ya unga, asubuhi.

Geuza kopo usome viambato. Kinachoandikwa kwanza ndicho kingi zaidi, na kwenye makopo mengi ya chokoleti ya kunywa cha kwanza ni sukari. Halafu mtu anaongeza vijiko viwili vya sukari juu yake kwa mazoea ya chai.

Nunua kakao tupu, ile chungu isiyo na sukari. Kijiko kimoja cha chakula, gramu 5 hivi, hakifiki kalori 15. Ila usiimimine moja kwa moja kwenye maziwa, itafanya mabonge na kuelea. Weka kakao kwenye kikombe, tia maji ya moto vijiko viwili, koroga hadi iwe kama rojo la kung'aa lisilo na punje, ndipo umimine maziwa ya moto kidogo kidogo huku unakoroga. Tia kijiko kimoja cha sukari na chembe ya chumvi. Chumvi ile hupunguza uchungu, na wengi hawahitaji kijiko cha pili. Kikombe hicho, kwa maziwa ya mililita 200, kina kalori 150 hivi na kinakushikilia hadi saa nne. Kwa watu wengi ninaowahudumia kimekata hamu ya chokoleti kuliko kitu kingine chochote.

Sisi wa huku hatuli chokoleti sana. Mbona hatupungui?

Kwa sababu sukari iko kwenye chai. Sisi ni watoto wa ukanda wa miwa. Miwani, hapo mashariki ya Kisumu, ndipo kilipojengwa kiwanda cha kwanza cha sukari Kenya mwaka 1922, na viwanda vya Chemelil na Muhoroni viko upande huo huo. Mkono wetu kwenye bakuli la sukari haujawahi kuwa mwepesi.

Hesabu nami. Vikombe vinne vya chai kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe: vijiko 12, gramu 48. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linasema sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nguvu za siku, yaani gramu 50 kwa anayekula kalori 2,000, na linashauri ishuke hadi nusu ya hapo. Kwa hiyo chai peke yake imekaribia kumaliza kipimo kabla hujagusa kingine. Soda ya mililita 500 nayo ina sukari karibu vijiko 13, sawa na ile chokoleti kubwa ya maziwa, tena imepita kooni kwa dakika tano. Chapati ya nyumbani iliyonyweshwa mafuta hufika kalori 250 au zaidi, na nani hula moja?

Kwa hiyo mtu akiniambia ameacha chokoleti lakini chai yake bado ina vijiko vitatu, namwomba afanye kinyume. Ashushe chai hadi kijiko kimoja, aache kipande chake cha chokoleti mahali pake. Punguza kijiko kimoja kila wiki, usishushe vyote siku moja, ulimi utagoma.

Nina kisukari. Nami naruhusiwa?

Usianze bila kuzungumza na kliniki yako, hasa ukiwa kwenye insulini au dawa zinazoshusha sukari. Wengi huruhusiwa kidogo, baada ya mlo, ikiwa imehesabiwa ndani ya wanga wa mlo ule.

Lakini nataka ujue jambo moja ambalo wengi hulikosea. Sukari ikishuka ghafla, ukatokwa jasho, ukatetemeka, moyo ukaenda mbio, usikimbilie chokoleti. Mafuta yake yanachelewesha sukari kuingia damuni. Chukua glukosi, au nusu glasi ya soda ya kawaida, au vijiko vinne vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, upime tena. Na aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu chochote. Apelekwe hospitali mara moja.

Zile zilizoandikwa "haina sukari" ziko sawa?

Nyingi hutiwa maltitoli, yaani kitamu cha badala ya sukari, ambayo ina kalori kama nusu ya sukari, si sifuri, na bado inapandisha sukari ya damu kiasi fulani. Mafuta ni yale yale. Ukila nyingi tumbo litanguruma na utaharisha. Na ni ghali. Mimi sioni haja, lakini anayezipenda ale kwa kipimo kile kile.

Biskuti, keki na aiskrimu za chokoleti ni sawa na chokoleti?

Hapana. Kwenye keki chokoleti ni mgeni tu. Wenyeji ni unga, sukari na mafuta. Soma pia karatasi ya chokoleti za bei rahisi: ukiona mafuta ya mboga yametajwa badala ya mafuta ya kakao, umenunua peremende yenye rangi ya chokoleti. Bei ya kakao ilipanda vibaya mwaka 2024, ikapita dola 10,000 kwa tani, kwa hiyo usishangae kuona chokoleti zimepungua uzito huku karatasi ni ile ile. Angalia gramu kila unaponunua.

Nikitembea si nitaichoma?

Saa nzima ya kutembea kwa haraka, kwa mtu wa kilo 70, huchoma kalori 250 hadi 300. Gramu 20 utazimaliza kabla ya nusu saa. Ile ya gramu 100 inataka takriban saa mbili za kutembea bila kusimama kusalimiana na mtu. Tembea, panda kilima cha Riat ukiweza, kwa ajili ya moyo na presha na usingizi wako. Usitembee kulipia deni la chokoleti. Ukianza hesabu hiyo, mazoezi yanakuwa adhabu.

Imeyeyuka kwenye mkoba kisha ikafanya kitu cheupe juu. Imeharibika?

Joto la mchana Kisumu hufika nyuzi 30, na ndani ya tuktuk iliyosimama juani hupita hapo. Mafuta ya kakao yameyeyuka, yakapanda juu, yakaganda upya. Ndiyo huo weupe. Si ukungu, haina madhara, ila ladha imepooza. Nunua jioni, ifunge vizuri isivute harufu ya samaki, weka kwenye friji, na itoe dakika kumi kabla ya kuila. Ile ngumu ya baridi haina ladha, na utaila zaidi ukiitafuta ladha hiyo.

Shemeji amerudi kutoka Uingereza na mfuko mzima wa chokoleti. Nifanyeje?

Mshukuru, kisha gawa siku hiyo hiyo wageni wakiwa bado nyumbani: majirani, walimu wa watoto, mama wa kibanda. Bakiza zile mbili unazozipenda. Mfuko ukilala kwako wiki moja, utaumaliza wewe. Watoto walio chini ya miaka miwili usiwape. Na mbwa asipewe hata kipande, maana theobromini iliyo kwenye kakao ni sumu kwake.

Ninakula kwa siri, nyingi sana, halafu najitapisha.

Dada, au kaka, hapa tumetoka kwenye habari ya kalori. Huo ni ugonjwa unaojulikana na una tiba, na hauletwi na ulafi wala udhaifu. Mwambie mtu mmoja unayemwamini leo, kisha nenda hospitali umweleze daktari kama ulivyonieleza. Habari ya kupunguza uzito iache kando kwanza.

Jana nilikula nzima. Leo nifunge?

Usifunge. Ukiruka chakula leo, saa kumi jioni utakuwa pale pale ulipokuwa jana. Kunywa chai yako ya kijiko kimoja, kula yai na kipande cha nduma asubuhi, mchana ule kama kawaida na mboga nyingi. Usipande mizani kwa siku tatu. Itakuonyesha maji tu, nawe utalia bure. Siku yako ya chokoleti ikifika, kata vinne, weka kwenye kisahani, iliyobaki irudishe kwenye friji kabla hujakaa.